Nikianza kufundisha piano, jukwaa litanikimbia?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nimemaliza shahada ya piano mwaka huu. Nilianza nikiwa na miaka 11, kwa hiyo wenzangu wengi walinitangulia. Mwalimu wangu anasema ninaweza kufika jukwaani. Lakini nimepata kazi ya kufundisha watoto siku nne kwa wiki, na wazee wangu wanataka niichukue. Naogopa kwamba nikianza kufundisha nitakuwa nimejizika. Pia mkono wa kulia umeanza kuniuma nikipiga oktavu, zile nota mbili za jina moja kwa mkono mmoja uliotanuka, kwa muda mrefu, nimeambiwa nivumilie. Baada ya miezi mitano nina tamasha langu la kwanza la peke yangu: preludi na fuga ya Bach, sonata ya 'Waldstein' ya Beethoven, Balade ya nne ya Chopin, na kumalizia Valsi ya Mephisto ya Liszt. Programu hii inafaa? Na je, mtu anaweza kuwa mpiga piano wa jukwaani na mwalimu bila kuharibu yote mawili?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo manne, na lile la mkono umelipitisha haraka katikati, kama mtu anayetaja deni huku akiangalia pembeni. Ndilo nitakaloanza nalo.

Aliyekuambia uvumilie amekosea, hata kama ni mtu unayemheshimu. Kuna uchovu na kuna maumivu. Misuli iliyochoka hupona ukilala. Maumivu yanayorudi palepale, kwa kitendo kilekile, siku baada ya siku, ni mwili unaokataa namna unavyoutumia. Wiki hii acha oktavu zote. Muone daktari, na kama unaweza kumpata mtaalamu wa viungo aliyezoea mikono ya wanamuziki, mfuate huyo hata akiwa mbali. Daktari asiyeijua kazi yetu atakuambia upumzike wiki mbili. Utapumzika, utarudi kwenye kiti, na mkono utauma tena kwa sababu unachokirudia hakijabadilika.

Nikupe habari za mpiga piano Leon Fleisher. Alikuwa mwanafunzi wa Artur Schnabel, mpiga piano mwenye jina kubwa, na mwaka 1952 alishinda mashindano ya Queen Elisabeth mjini Brussels. Miaka 12 baadaye, akiwa kileleni, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Alipoona mkono unalegalega alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: akaongeza mazoezi. Mkono ukazidi kufunga. Ilichukua miaka mingi mpaka ugonjwa ukapata jina, distonia, hali ambayo ubongo unavuruga amri unazovipa vidole. Kwa takriban miaka 30 alipiga kazi za mkono wa kushoto peke yake, akaongoza okestra, akafundisha, na ni miaka ya 1990 tu ndipo tiba ilipomrudisha kwenye mikono miwili. Sisemi una distonia. Distonia mara nyingi haiumi hata kidogo, na wewe unaumia, kwa hiyo huenda ni kano au misuli. Ninachokuonyesha ni ile hatua ya kwanza, ya kujibu onyo la mkono kwa kuuongezea kazi.

Sasa oktavu zenyewe. Sijakuona ukipiga, lakini nimeona mikono mingi inayouma namna hiyo, na kosa huwa moja: mkono unabaki umetanuka na kukazwa baada ya sauti kutoka. Kumbuka piano inavyofanya kazi. Unapobonyeza kibao, nyundo inarushwa, na kabla haijaugusa waya inaachiliwa, inamalizia safari peke yake. Kuanzia hapo kidole chako hakina tena neno juu ya sauti hiyo, isipokuwa kuamua itazimwa lini. Nguvu yote unayoendelea kuikandamiza chini ya kibao haifiki kwenye waya, inarudi kwenye kiwiko chako. Mtu anayepiga oktavu 200 huku akibana kila moja kwa nusu sekunde zaidi ya inavyohitajika amefanya kazi ya oktavu 400, na nusu yake haikusikika na mtu yeyote.

Ukiruhusiwa kurudi, piga oktavu moja tu. Iache isikike, na angalia kama kidole gumba kimelegea mara moja au bado kimesimama kama kijiti. Rudia mpaka kilegee chenyewe. Halafu mbili. Kazi hii inachosha roho kuliko mwili, na wanafunzi wengi huiacha siku ya tatu.

Kama mkono wako ni mdogo, usijilaumu. Oktavu kwenye piano za leo ni karibu sentimita 16.5, kipimo ambacho hakikuamuliwa kwa kutazama mikono ya wote wanaopiga. Josef Hofmann, mmoja wa wakubwa wa mwanzoni mwa karne ya 20, alitengenezewa na Steinway piano zenye vibao vyembamba kidogo kwa sababu mikono yake ilikuwa midogo, na hakuna aliyemwita dhaifu. Alicia de Larrocha wa Hispania alikuwa mfupi, mwenye mikono midogo, na bado alipiga kazi zinazowashinda watu wenye viganja kama makasia. Namba za vidole, zinazoonyesha kidole kipi kipige nota ipi, alizichagua kwa mkono wake mwenyewe. Namba zilizochapwa kitabuni ni za mhariri, nawe hukuzaliwa na mkono wa mhariri.

Turudi kwenye hofu yako ya kujizika.

Picha uliyo nayo, ya mpiga piano anayepiga tu, anayezunguka dunia na kulala hotelini, ni ya watu wachache sana na ya kipindi kifupi cha historia. Hata tamasha la piano peke yake si jambo la kale. Mpaka miaka ya 1830, aliyetaka kusikilizwa alichanganyika na waimbaji, wapiga fidla na okestra katika jioni moja. Liszt ndiye aliyethubutu kukaa peke yake mbele ya watu usiku mzima, na ni London mwaka 1840 ambapo maonyesho yake yalitangazwa kwa jina la resitali. Miaka saba baadaye, akiwa na miaka 35, aliacha kupiga kwa malipo. Sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki alitunga na kufundisha, na wanafunzi wake hakuwatoza ada. Darasa la wazi unalolijua wewe, ambapo mmoja anapiga na wengine wanasikiliza mwalimu akimrekebisha, lilienea kutoka sebuleni kwake Weimar.

Chopin je? Katika maisha yake yote alipiga hadharani mara 30 hivi. Riziki yake Paris ilitoka kwenye masomo, faranga 20 kwa somo, bei ya juu kwa wakati ule, na katika msimu wenye wanafunzi alifundisha karibu kila siku. Alikuwa na hofu ya kumbi kubwa na hakuificha. Ukimpima kwa kipimo unachojipimia wewe, Chopin alikuwa mwalimu wa nyumbani aliyeshindwa kuwa mtu wa jukwaani.

Lakini anayekufaa zaidi ni mpiga piano Clara Schumann. Alianza kupiga hadharani akiwa mtoto na aliendelea kwa miaka zaidi ya 60. Alizaa watoto wanane, akafiwa na mume mwaka 1856, na matamasha yake ndiyo yaliyoilisha nyumba. Mwaka 1878 konsevatori mpya ya Hoch, yaani chuo cha muziki, mjini Frankfurt ilipomwita afundishe, hakukataa, na wala hakukubali walichompa kama kilivyo. Alikaa chini akapatana nao: atafundishia nyumbani kwake, saa moja na nusu kwa siku, likizo ya miezi minne kwa mwaka, na wakati wa baridi awe huru kwenda kupiga bila kuomba ruhusa kila mara. Walikubali. Alifundisha hapo hadi 1892.

Najua utaniambia kwamba yeye alikuwa Clara Schumann na wewe ni binti wa miaka 22 asiyejulikana, huna cha kuwatishia. Ni kweli. Ila tazama alichopatana juu yake. Fedha zilikuwepo kwenye mazungumzo, bila shaka, lakini alichokizungushia ua ni saa zake. Na hapo ndipo hofu yako ina msingi. Kufundisha hakuui mpiga piano. Kinachomuua ni saa za kufundisha zilizopangwa vibaya.

Siku nne kwa wiki ni nyingi mno kwa mwaka wako wa kwanza. Ukitoka kusikiliza watoto kumi wakipiga nota zisizo sahihi, masikio yako yamekwisha. Vidole bado vinaweza kufanya kazi, ndiyo maana watu hujidanganya kwamba watafanya mazoezi usiku. Utakaa, vidole vitakwenda, sikio halitakuwepo, na utarudia makosa yako mpaka yawe mazoea. Omba siku mbili. Wakikataa, chukua tatu, zote ziwe za mchana, asubuhi ibaki yako bila mjadala. Kwa wazee wako usiseme "sitaki kazi," sema "nimeichukua, nimepunguza siku." Wazazi wengi wakisikia kazi ipo, hawahesabu siku.

Na usidhani asubuhi hiyo lazima iwe ya saa sita. Chopin alikasirika alipojua mwanafunzi wake anafanya mazoezi saa sita kwa siku; akamwambia tatu zinatosha. Mimi kwa wiki za kawaida sijawahi kuvuka nne zenye faida. Nimewahi kukaa nane, tena nilijisifu, lakini zile nne za mwisho nilikuwa natwanga maji.

Kuna upande mwingine ambao watu kama wewe hawautazami. Unaniuliza kama kufundisha kutaharibu upigaji wako. Hukuniuliza kama wewe unafaa kufundisha. Umechukulia kwamba aliyeweza Balade ya nne anaweza kumwelekeza mtoto wa miaka saba jinsi ya kuweka mkono juu ya vibao. Mimi pia nilidhani hivyo. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa mtoto mchangamfu aliyependa muziki, na ndani ya miezi mitano nilimfanya auchukie, kwa sababu kila alipokosea nilimwonyesha. Nilikaa kwenye kiti chake, nikapiga vizuri, nikasema "hivi." Yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mimi naweza na yeye hawezi. Mama yake alimwondoa kwa adabu sana. Adabu ile bado inanichoma.

Kufundisha ni ufundi wa pili, wenye uanagenzi wake. Fleisher alieleza kwamba mkono ulipofungwa hakuweza tena kukaa kwenye piano na kuonyesha, ikambidi atafute maneno: aliambie sikio la mwanafunzi litafute nini, uzito uende wapi, sentensi ya muziki inaelekea nota ipi. Hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa, na alifundisha chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, kwa miaka 60 hivi. Nakushauri ujifunge mkono kwa hiari: katika wiki sita za kwanza usimpigie mtoto yeyote mfano. Utateseka. Utagundua mambo mengi unayoyafanya bila kujua unayafanyaje, na yale usiyojua unayafanyaje ndiyo yatakayokukimbia jukwaani mwanga ukiwaka.

Mfano mdogo. Karibu kila kitabu cha wanaoanza huanzia skeli ya C meja, vibao vyeupe vitupu, kwa sababu ni rahisi kuisoma. Chopin alianza na B meja. Aliwawekea wanafunzi vidole vitano juu ya E, F shapu, G shapu, A shapu na B. Weka mkono wako hapo sasa hivi. Vidole vitatu virefu vinakaa juu ya vibao vyeusi vilivyo mbele, na gumba na kidole cha mwisho, vilivyo vifupi, vinabaki kwenye vyeupe. Mkono unapinda wenyewe bila kuambiwa. C meja aliiacha mwisho kwa kuwa ni rahisi kwa jicho na ngumu kwa mkono. Nimeipiga B meja tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwa nini inateleza mpaka nilipolazimika kumsaidia mtoto mwenye vidole vilivyokakamaa. Wiki ileile nilibadilisha namba za vidole katika ukurasa wa sonata uliokuwa umenisumbua mwaka mzima.

Tena usichukulie kwamba utakuwa mwalimu wa kila kitu. Kuna wanaojua kuanzisha na kuna wanaojua kumalizia. Theodor Leschetizky, mwalimu mashuhuri wa piano wa Vienna, aliyefundishwa na Czerny, naye Czerny akafundishwa na Beethoven, alikuwa na wasaidizi waliowaandaa wanafunzi kabla hajawapokea. Liszt hakutaka kusikia habari za vidole. Kwake, hayo uyamalize nyumbani kwako. Anayewapokea watoto wakiwa hawajui lolote anafanya kazi ambayo Liszt hakuiweza, au hakutaka kuijaribu.

Kuhusu umri sitachelewa sana. Mpiga piano Sviatoslav Richter aliingia Konsevatori ya Moscow mwaka 1937 akiwa na miaka 22, umri wako huu. Kabla ya hapo kwa kiasi kikubwa alijifundisha mwenyewe, na alikuwa akifanya kazi ya kuwapigia waimbaji mazoezi kwenye jumba la opera la Odessa. Mwalimu Heinrich Neuhaus alimpokea, na Richter akawa mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote. Usinielewe vibaya, Richter ni Richter, na mfano wa mtu wa ajabu hauthibitishi lolote kuhusu sisi wengine. Ninachotaka ukione ni kazi aliyokuwa akiifanya. Aliyekaa miaka kwenye opera anasoma nota papo hapo, anajua kupumua na mwimbaji, anaweza kupunguza okestra nzima ikaingia kwenye mikono miwili. Alichelewa darasani, hakuchelewa kwenye muziki. Wewe ulianza na miaka 11. Tatizo lako si miaka waliyokutangulia wenzako. Nakuuliza: ukiwekewa mbele nyimbo 20 za Schubert usizozijua na mwimbaji amesimama pembeni, utafanya nini?

Hilo linanipeleka kwenye riziki. Ada ya tamasha moja huonekana kubwa mpaka uigawe kwa miezi ya maandalizi, na utoe nauli, malazi, fungu la wakala ukiwa naye, na nguo. Wengi wanaoitwa wapiga piano wa jukwaani wanaishi kwa mchanganyiko: kusindikiza waimbaji na wapiga fidla, muziki wa vikundi vidogo, kurekodi, kuhukumu mashindano, na kufundisha. Mtu anayesoma nota haraka na asiyechelewa mazoezini hakosi simu. Mpiga piano Menahem Pressler alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1955, mwaka uleule alioanzisha Beaux Arts Trio, kundi la wanamuziki watatu. Ile trio ilipiga mpaka 2008, yeye akiwa mpiga piano wake kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na darasani Indiana aliendelea mpaka karibu na kifo chake mwaka 2023, akiwa na miaka 99. Kati ya kazi hizo mbili sijui ni ipi ungesema ilimzika.

Mashindano utaulizwa tu, kwa hiyo niseme. Yale makubwa, ya Chopin yaliyoanza Warsaw mwaka 1927 na hufanyika kila baada ya miaka mitano, ya Brussels, ya Leeds, ya Tchaikovsky Moscow, ya Van Cliburn Texas, yana ukomo wa umri, mara nyingi karibu na miaka 30. Una muda. Nenda kwenye madogo kwanza, na uende kwa sababu moja: yanakupa tarehe ambayo huwezi kuisogeza. Kushinda ni habari nyingine, na majaji ni watu. Mwaka 1980 Warsaw, Ivo Pogorelich alipotolewa kabla ya fainali, Martha Argerich aliyekuwa jaji alijiuzulu kwa kupinga. Alfred Brendel alishika nafasi ya nne kwenye mashindano ya Bolzano mwaka 1949, na jina lake likakua polepole sana, kazi moja baada ya nyingine, hadi akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa kazi za Beethoven. Kwa upande mwingine kuna Maurizio Pollini, aliyeshinda Warsaw mwaka 1960 akiwa na miaka 18, kisha akapunguza matamasha na kurudi kusoma. Alielewa kwamba ushindi unaleta mialiko mingi kwa mkupuo, na mtu mwenye koncheto tatu tu za kupiga na okestra atazichosha ndani ya mwaka mmoja.

Jambo ambalo shule haikufundishi vya kutosha ni siku yenyewe ya tamasha. Mpiga fidla anakuja na fidla yake. Wewe unakuta kitu cha karibu mita 2.7 na kilo zinazokaribia 500, ambacho hujawahi kukigusa, na una mchana mmoja wa kukizoea. Mpiga piano Horowitz alisafiri na piano yake. Mimi na wewe tutaipiga tutakayoikuta. Mheshimu fundi wa piano kuliko meneja wa ukumbi. Usimwambie "haina sauti nzuri." Mwambie kibao kipi hakirudi haraka, na sehemu ipi ni kali kuliko nyingine. Halafu kaa mwenyewe ukumbini, mwache mtu mwingine apige, usikilize pedali, kile kikanyagio kinachoacha sauti iendelee. Ukumbi mtupu unadanganya, ukijaa watu mwangwi hupungua, kwa hiyo usikate pedali kupita kiasi mchana ukaja kujuta usiku.

Kisha kumbukumbu. Desturi ya kupiga bila nota si sheria iliyoshuka mbinguni. Clara alipokuwa binti na kuanza kupiga kwa kichwa, wapo waliomwona anajidai. Richter uzeeni aliweka nota mbele yake, ukumbi ukiwa giza na taa ndogo ikimulika kurasa. Lakini kwa tamasha lako la kwanza utatarajiwa upige kwa kichwa, kwa hiyo hifadhi inavyotakiwa. Vidole vina kumbukumbu yao, na ndiyo ya kwanza kukusaliti, kwa sababu inajua njia moja tu, kutoka mwanzo kwenda mbele. Niliwahi kupotea mbele ya watu katikati ya fuga ya Bach, kazi ambayo sauti kadhaa huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule. Vidole vilichukua mlango wa kwanza badala ya wa pili, nikajikuta nimerudi nilikotoka, nikazunguka mara mbili kama mtu aliyepotea njia ya nyumbani kwake. Walioijua fuga ile walitabasamu. Wengine walidhani Bach ndivyo alivyoandika.

Tangu hapo kila kazi naigawa vituo, 12 au 15, na lazima niweze kuanzia kituo chochote nikiulizwa ghafla. Napiga mkono wa kushoto peke yake, kwa kichwa, kazi nzima. Hapo ndipo uongo unapojulikana. Naisoma kazi bila piano, nimekaa kitini, nikizisikia akodi, yaani nota zinazolia pamoja, na kuzitaja. Mahali nisipoweza kutaja akodi inayofuata, ndipo nitakapopotea. Fanya hivyo kwa fuga yako kwanza, sauti moja moja, ukiimba moja na kupiga nyingine. Usipoweza kuimba sauti ya kati, hujaihifadhi.

Sasa programu yako. Ni ya mtu anayetaka kuthibitisha kitu, na hayo ni ya kawaida kwa tamasha la kwanza, lakini mkono wako haujakuruhusu. Mephisto itoke. Si kwamba huiwezi. Ina miruko na oktavu zitakazokuvuta kwenye kosa lilelile, na umeiweka mwisho, mkono ukiwa umechoka. Miezi mitano ni michache kwa kujifunza upya namna ya kupiga oktavu huku ukijiandaa kuzipiga hadharani.

'Waldstein' ibaki, daktari akikubali. Unajua kwamba karibu na mwisho kuna oktavu za kuteleza, mkono mmoja ukiserereka juu ya vibao. Beethoven aliiandika mwaka 1803 na 1804, wakati vibao vya piano za Vienna vilikuwa vyepesi na vya kina kifupi. Kwenye piano ya leo kuteleza huko kunaweza kukuchuna ngozi. Wapo wanaozigawa kwa mikono miwili, na wewe zigawe bila aibu.

Badala ya Mephisto chukua Brahms, vipande sita vya opus 118, vya mwaka 1893, au vitatu kati ya hivyo ukiona muda haukutoshi. Alimtolea Clara Schumann, aliyekuwa na miaka zaidi ya 70 na mikono iliyokuwa ikimsumbua kwa miaka. Vina uzito, na vinataka sikio zaidi ya mbio. Uvipange baada ya Bach, kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili anza na Balade, halafu malizia na Beethoven, kwa sababu Balade inamwacha msikilizaji ameduwaa na sonata ile inamrudisha kwenye mwanga. Watu wengi wangeipanga kinyume. Jaribu zote mbili mbele ya marafiki wanne, usiwaambie ipi ni yangu, na uniandikie walichosema. Barua hiyo ianze na alichokuambia daktari.